Ladi Kwali: Mfinyanzi wa Kigbagyi na Safari ya Mtungi Wake

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua methali ya mfinyanzi na gae. Darasani hufafanuliwa kwamba fundi anayewafinyangia wenzake vyombo vizima ndiye mwenyewe anayekula katika kigae, na baada ya maelezo hayo mwalimu hupita kwenye methali inayofuata. Ni nadra kwa methali hiyo kutafutiwa mtu halisi, mwenye jina na kijiji, ambaye maisha yake yanaweza kuipima. Mtu kama huyo alikuwako. Alizaliwa Afrika Magharibi, mbali na pwani iliyotupa methali yenyewe, na kazi ya mikono yake ilifika London na Washington ilhali mitungi yake iliyosifiwa zaidi ilikuwa imekwisha kupoteza ile kazi ambayo mtungi huumbiwa. Mtu huyo ni Ladi Kwali.

Alizaliwa karibu mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, kaskazini mwa Nigeria ya wakati huo, eneo ambalo leo limo ndani ya mipaka ya Jimbo la Mji Mkuu wa Abuja. Jina Ladi ni la Kihausa na hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa Jumapili. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwa kuwa akina Juma na Khamisi nao walipewa majina na siku zao. Kwali ni kijiji tu. Hivyo basi, jina lililokuja kuandikwa katika vitabu vya sanaa vya Ulaya halina la ziada: ni Ladi wa Kwali, siku ya kuzaliwa na mahali pa kuzaliwa. Watu wake ni Wagbagyi, ambao kwa muda mrefu waliandikwa kwa jina la Gwari, jina walilopewa na majirani zao. Vitabu vingi vya ufinyanzi bado vinautaja mtungi wa Ladi kuwa mtungi wa Kigwari. Suala la nani ana haki ya kumpa mwingine jina si geni kwa wasomi wa Afrika Mashariki, na katika maisha ya mwanamke huyu litajitokeza tena, mara hii likihusu jina la mji mzima.

Miongoni mwa Wagbagyi, ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Ladi alifundishwa na shangazi yake tangu utotoni, kwa njia ileile ambayo fanani wa fasihi simulizi hufundishwa: kwa kukaa karibu, kutazama, kutumwa, kujaribu, kuharibu na kujaribu tena. Hapakuwa na kipimo kilichoandikwa. Unene wa ukuta wa chungu ulipimwa kwa vidole, na udongo ulijulikana kuwa tayari kwa kufinywa.

Kazi hiyo ilifuata majira. Nchi ya Wagbagyi ina masika yanayoanza takriban mwezi wa Aprili na kukoma Oktoba. Katika miezi hiyo mikono yote huitwa shambani: viazi vikuu, mtama, uwele, mahindi na karanga vyote hudai palizi. Mvua inapokatika na mavuno kuingizwa ghalani, ndipo mwanamke anapopata nafasi ya udongo. Mashimo ya udongo hayajai maji tena, nyasi zimekauka na zinafaa kuchomea, na upepo mkavu wa harmatani unaoshuka kutoka jangwani hukausha kila kitu, mara nyingine upesi kupita kiasi, kwa kuwa chungu kinachokauka haraka hupasuka. Siku hizo za baada ya mavuno ndizo zilizokuwa siku za ufinyanzi na za gulio. Watu wana nafaka ya kuuza, kwa hiyo wana kitu cha kununulia chungu.

Mbinu aliyoirithi Ladi inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndiyo iliyowashangaza mafundi wa nchi nyingine waliokuwa wamezoea kudhani kwamba chombo cha mviringo kamili hakiwezi kupatikana bila gurudumu. Mfinyanzi huanza na bonge la udongo ambalo hulitoboa na kulipanua kwa ngumi hadi lipate umbo la kitako. Kisha husokota mapindi manene ya udongo, mfano wa kamba, na kuyapachika moja juu ya jingine kwenye mdomo wa umbo hilo. Kuta hupigwa kwa ndani kwa kibao bapa cha mti ili zitanuke, na kwa nje hukwaruzwa na kulainishwa. Ajabu yenyewe ni hii: mtungi hauzunguki. Umesimama pale ulipo, na mfinyanzi ndiye anayeuzunguka, ameinama, akitembea kinyumenyume kwa hatua zenye mwendo mmoja, mkono ukivuta udongo juu. Mwili wa mwanamke ndio gurudumu. Wengi waliomwona Ladi akifanya kazi walisema kuwa walidhani wanatazama ngoma.

Baada ya umbo kuja pambo. Ladi alivingirisha juu ya udongo mbichi kijiti kilichochongwa mikato au uzi uliosokotwa, na alama zikabaki zimejipanga kama ushanga. Halafu, kwa ncha kali, alichora. Alichora mijusi, nge, mamba, vinyonga, nyoka, ndege na samaki, kila mnyama akiwa amerahisishwa hadi mistari michache, naye akatiwa ndani ya fremu ya mistari iliyonyooka. Michoro hiyo haikuwa uvumbuzi wake pekee, bali ilikuwa hazina ya pamoja ya wafinyanzi wa eneo lake, kama vile fomula za tendi zilivyo hazina ya pamoja ya watunzi. Ustadi wa mtu mmoja ulionekana katika upangaji, yaani mnyama gani awekwe wapi, tumbo la mtungi ligawanywe mara ngapi, na nafasi gani iachwe tupu. Hapo Ladi aliwapita wenzake.

Uchomaji ulifanyika mahali pa wazi. Vyungu vilipangwa chini, vikafunikwa kuni na nyasi kavu, moto ukawashwa. Moto wa namna hii aghalabu haupiti nyuzi 900 za selsiasi, nao huacha mwili wa chungu ukiwa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vyungu vikiwa bado vya moto, vilinyunyiziwa maji ya rangi nzito yaliyopikwa kwa maganda ya mti wa nere, ambayo huufanya uso wake ukolee na kuwa mgumu kidogo. Vile vitundu si kasoro. Ndivyo vinavyoufanya mtungi kuwa mtungi: maji hupenya polepole hadi nje, hewa huyakausha, na kwa kukauka huko maji yaliyobaki ndani hupoa. Bibi yeyote wa Lamu au wa Kitui aliyewahi kuweka mtungi pembeni mwa nyumba anaijua siri hiyo bila kusoma fizikia.

Siku ya gulio vyombo vilibebwa. Wanawake wa Kigbagyi hujulikana kote Nigeria kwa kutobeba mizigo kichwani. Huibeba begani, kwa kuwa kichwa kina heshima yake na hakifanywi mahali pa kutwika. Kuni, viazi vikuu, vyungu, vyote hupanda begani. Sokoni vyungu viliwekwa chini karibu na vikapu vya karanga, siagi ya shea na magunia ya mtama, bila meza wala kioo cha kuvitenga na vitu vingine. Mnunuzi aliugonga mtungi kwa kidole asikilize sauti yake. Mtungi uliochomwa vizuri hulia, ulio na ufa hukoroma. Ukosoaji wa sanaa ulifanyika hapo, kwa sikio na kwa bei. Ndugu yake wa kiume alisimulia baadaye kwamba tangu miaka ya mwanzo vyombo vya Ladi mara nyingi viliuzwa hata kabla ya kufikishwa sokoni. Sifa hiyo haikutoka kwa mhakiki wala kwa makumbusho. Ilitoka kwa wanawake wenzake waliohitaji kuteka maji, ambao walikuwa na wafinyanzi wengine wengi wa kuwachagua.

Miongoni mwa walionunua alikuwa mtawala wa eneo hilo, Amiri wa Abuja, Alhaji Suleiman Barau. Abuja inayotajwa hapa si mji mkuu wa leo. Ni mji mkongwe wa kifalme ambao sasa unaitwa Suleja. Amiri huyo aliweka mitungi kadhaa ya Ladi katika makazi yake kama mapambo, na jambo hilo peke yake linatosha kuipinga dhana kwamba ni Wazungu waliogundua kuwa mtungi wa Kigbagyi ni sanaa. Kabla ya mgeni yeyote kufika, mtungi ulikuwa umekwisha kutoka jikoni na kuingia barazani, na aliyeuhamisha alikuwa mtu wa papo hapo.

Mgeni alifika mwaka 1950. Aliitwa Michael Cardew, Mwingereza mfinyanzi, mwanafunzi wa Bernard Leach, ambaye awali alikuwa amefanya kazi katika Gold Coast, Ghana ya leo. Serikali ya kikoloni ilimwajiri kuwa Afisa wa Ufinyanzi nchini Nigeria. Lengo la waajiri wake lilikuwa la kiuchumi: vijana wafundishwe kutengeneza vikombe, sahani na birika za kisasa humuhumu nchini. Cardew aliiona mitungi ya Ladi katika nyumba ya Amiri na akavutiwa nayo mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianzisha Kituo cha Mafunzo ya Ufinyanzi cha Abuja, chenye magurudumu ya kufinyangia na tanuri kubwa la kuni.

Hata hivyo, wanafunzi wa kwanza wa kituo hicho walikuwa wanaume. Jambo hili halina budi kutazamwa kwa makini. Katika nchi ambamo ufinyanzi ulikuwa mali ya wanawake, mafunzo ya kisasa ya ufinyanzi yalianza kwa kuwaacha nje wanawake wenyewe. Ukoloni ulikuwa na mazoea hayo katika nyanja nyingi: kilimo kilikuwa cha wanawake, mafunzo ya kilimo yakapewa wanaume. Gurudumu lilionekana kuwa mashine, na mashine ikadhaniwa kuwa jambo la kiume. Miaka ilipita kabla ya mlango kufunguliwa, na aliyeufungua ni Ladi Kwali alipojiunga na kituo mwaka 1954, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Baada yake walikuja wengine, kina Halima Audu na Asibi Ido, nao walipewa chumba chao kilichoitwa Dakin Gwari, ambamo walifinyanga kwa mbinu yao ya kutembea.

Ladi alijifunza gurudumu, akafinyanga bakuli na vyombo vidogo kwalo, na kwa muda akawa mwalimu. Lakini heshima yake haikutokana na gurudumu. Aliendelea kujenga mitungi mikubwa kwa mapindi kama alivyofunzwa na shangazi yake, na mabadiliko yakaja baadaye, katika hatua ya kupamba na kuchoma. Mistari ya wanyama aliyoichora ilijazwa udongo mweupe ulioyeyushwa. Kisha mtungi ulipakwa mchanganyiko wa madini na majivu ambao tanurini huyeyuka na kuwa ngozi ya kioo, kijani au kijivu, inayopitisha mwanga. Tanuri la kituo lilifikia takriban nyuzi 1,300. Katika joto hilo udongo hukaza hadi kuwa kama jiwe, vitundu vyote huziba, na wanyama wa Ladi wakaonekana kama waliozama katika maji matulivu, weupe chini ya kijani.

Uzuri wa vyombo hivyo hauna ubishi. Lakini mtungi uliozibwa vitundu haupozi maji. Pia ni mzito kuliko ule wa kijijini, na udongo wa namna hiyo hauvumilii moto wa mafiga: ukiutia mekoni utapasuka. Kwa maneno mengine, mtungi wa Abuja ulibakiza umbo la mtungi, ukabakiza pambo, ukapoteza utendakazi. Mwanamke wa Kwali hakuwa na haja nao, wala hakuwa na uwezo wa kuununua. Soko lake lilikuwa maafisa wa kikoloni, wageni, na baadaye wakusanyaji wa vitu vya sanaa wa Ulaya na Marekani. Hapa ndipo methali ya gae inapogeuka. Mfinyanzi wa methali alikosa chombo kizima kwa kuwa vyote viliuzwa. Ladi Kwali alitengeneza vyombo vizima ambavyo jamii yake haikuwa na kazi ya kuvipa.

Wako wahakiki wanaomlaumu Cardew kwa hili, na wako wanaomtukuza kwa kuunusuru ufinyanzi wa Kigbagyi usimezwe na bakuli za bati na ndoo za plastiki. Kauli zote mbili zina upungufu uleule: zinamfanya Ladi kuwa udongo mikononi mwa mwingine. Ushahidi wa vyombo vyenyewe unasema vinginevyo. Angeweza, kama wanaume wa kituo, kuhamia gurudumuni moja kwa moja na kufinyanga birika za chai. Alilijua gurudumu vya kutosha kulifundisha. Alichagua kubaki na mapindi na kutembea kwake. Alikubali tanuri na kioo cha mgeni, lakini hakukubali kuuacha mwendo wa mwili aliofundishwa, na wanyama wake hawakubadilika ili kumfurahisha mnunuzi wa London. Anayetaka kulinganisha na awalinganishe watunzi wetu walioutoa utendi katika hati za Kiarabu na kuutia katika hati za Kirumi na kurasa za kitabu. Kuna kilichopotea, hasa sauti. Kuna kilichohifadhiwa. Na aliyefanya uamuzi huo alikuwa mtunzi pia, si mchapishaji peke yake.

Cardew aliandaa maonyesho ya vyombo vya Abuja katika Berkeley Galleries mjini London mnamo 1958, 1959 na 1962. Mitungi ya Ladi ndiyo iliyovuta macho. Mwaka 1961 Ladi mwenyewe alisafiri hadi Uingereza na kufinyanga mbele ya watazamaji katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, huko Farnham, na katika karakana ya Cardew ya Wenford Bridge. Alionyesha kazi yake Ufaransa na Ujerumani pia.

Safari hizo zinamhusu mno mwanafunzi wa fasihi simulizi, kwa sababu zinazusha swali tunalokumbana nalo kila mara mtambaji wa ngano anapopandishwa jukwaani katika tamasha. Kule Kwali, kutembea kuzunguka mtungi kulikuwa njia ya kuutengeneza mtungi, na hakuna aliyelipa ili kutazama. Kule London, kutembea kulikuwa tukio lenyewe. Hadhira iliketi, ikatazama mwili wa mwanamke Mwafrika ukiinama na kurudi nyuma, ikapiga makofi. Kazi ikageuka utendaji, na fanani akawa hana lugha moja na hadhira yake. Picha za wakati huo zinamwonyesha akiwa amevaa nguo nadhifu za kwao, macho yako kwenye udongo, wala hayako kwa kamera. Ni vigumu kutoona katika picha hizo mtu aliyejua vyema kwamba anatazamwa na aliyeamua kwamba kinachostahili kutazamwa ni mtungi.

Tuzo zilifuatana. Alipewa nishani ya MBE ya Uingereza. Mwaka 1965 kazi yake ilipata tuzo ya fedha katika maonyesho ya kimataifa ya ufinyanzi katika taasisi ya Smithsonian, Washington. Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, kilimtunuku shahada ya udaktari wa heshima mwaka 1977. Serikali ya Nigeria ilimpa Nishani ya Taifa ya Ubora mwaka 1980, nayo ni nishani inayohusishwa na mafanikio ya kitaaluma, kisha ikamtawaza Afisa wa Nishani ya Niger mwaka 1981. Katika orodha hiyo ya heshima, ile ya mwaka 1980 ndiyo yenye uzito wa kipekee kwa wanavyuo. Dola ilikiri kwamba ujuzi uliopokewa kwa shangazi, bila daftari wala mtihani, ni taaluma.

Cardew aliondoka Abuja mwaka 1965 na nafasi yake ikashikwa na Michael O'Brien. Ladi alibaki. Mwaka 1972 alikwenda Marekani pamoja na Cardew na mfinyanzi Clement Kofi Athey wa Ghana, wakazunguka miji na vyuo wakionyesha kazi zao. Kwa miaka hiyo umri wake ulikuwa unakaribia hamsini na mikono yake ilikuwa imefinyanga kwa zaidi ya miaka thelathini.

Miaka miwili baada ya ziara hiyo, Kenya inaingia katika kisa hiki. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikuwa amekwenda Uingereza mwaka 1971 na kuanza kusomea ufinyanzi katika chuo cha Farnham, mji uleule ambamo Ladi alikuwa amefinyanga mbele ya watu mwaka 1961. Cardew alimhimiza aende Nigeria. Kati ya mwaka 1974 na 1975 Odundo alikaa katika kituo cha Abuja na kujifunza kwa wanawake wa Kigbagyi, Ladi Kwali akiwa mmoja wao. Kijana wa Kenya aliyepelekwa Ulaya kujifunza usasa alilazimika kurudi Afrika, kwa njia ya Mwingereza, ili afunzwe na mwanamke wa kijijini namna ya kuinua ukuta wa chungu kwa mkono. Mzunguko huo una kejeli yake, na una ukweli wake pia.

Alichokichukua Odundo kutoka Abuja ndicho kinachovutia zaidi. Hakuchukua kioo cha kijani wala tanuri la nyuzi 1,300. Alichukua mkono. Vyungu vilivyompa umaarufu hujengwa kwa udongo unaovutwa na mapindi, havitiwi kioo kabisa, bali husuguliwa mpaka ving'ae vyenyewe, kisha huchomwa hadi viwe vyekundu au vyeusi. Kwa namna fulani alirudisha nyuma hatua ambayo kituo kiliipiga mbele katika mtungi wa Ladi, akaufikia uso wa udongo kama ulivyokuwa kabla ya mwaka 1954, ingawa vyungu vyake navyo havitekewi maji na mtu yeyote. Makumbusho ya Uingereza mjini London yana vyombo vya wanawake wote wawili, na mwaka 2022 maonyesho ya Body Vessel Clay katika jumba la Two Temple Place, London, yalimweka Ladi Kwali mwanzoni mwa ukoo wa wafinyanzi wanawake weusi, Odundo akiwa miongoni mwa warithi wake.

Katika miaka ya Odundo kukaa Abuja, mji wenyewe ulikuwa karibu kupoteza jina. Vyombo vya kituo vilipigwa mihuri miwili, mmoja wa mfinyanzi na mwingine wa kituo, kwa hiyo kila mtungi wa Ladi ulikwenda ulimwenguni ukibeba jina la Abuja. Mwezi Februari 1976 serikali ya Jenerali Murtala Muhammed iliamua kwamba mji mkuu wa Nigeria utahamishwa kutoka Lagos na kujengwa upya katikati ya nchi. Eneo lililochaguliwa lilikuwa kwa sehemu kubwa ardhi ya Wagbagyi, kijiji cha Kwali kikiwamo. Jina la Abuja lilichukuliwa likapewa mji mkuu huo uliokuwa bado kujengwa, na mji mkongwe ukaitwa Suleja. Wakati Ladi anatunukiwa nishani zake za mwisho, jina lililokuwa chini ya mitungi yake lilikuwa limehamia mahali pengine, na mahali alipozaliwa palikuwa pamehamia katika himaya nyingine ya utawala, bila yeye wala mitungi kusogea. Katika miaka hiyohiyo kituo alichofanyia kazi tangu 1954 kilipewa jina lake, kikawa Kituo cha Ufinyanzi cha Ladi Kwali.

Michael Cardew alifariki mwezi Februari 1983. Ladi Kwali alimfuata tarehe 12 Agosti 1984 mjini Minna, akiwa na umri wa miaka 59 hivi. Agosti ni katikati ya masika katika nchi ya Wagbagyi, wakati ambao mashimo ya udongo hujaa maji na wafinyanzi wako shambani.

Mwaka 2007 Benki Kuu ya Nigeria ilitoa noti mpya ya naira ishirini. Upande wa nyuma wa noti hiyo umechorwa Ladi Kwali akiwa ameinamia mtungi, mwanamke wa kwanza kutiwa katika noti ya nchi hiyo. Upande wa mbele ni sura ya Jenerali Murtala Muhammed. Naira ishirini ni fedha ndogo, ya kurudishiana chenji, na ilipoanza kutumika ilipita kwa wingi zaidi katika mikono ya wauza karanga na viazi vikuu magulioni.